Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika na kushuti tamthilia ya nyumba yenye mizimu kwa kutumia nyumba zetu za Mikindani, Mtwara na Lindi

Hii nimewaandikia vijana wa huku kusini wenye simu nzuri, wenye vikundi vya sanaa, wenye hadithi kichwani na hawajui waanzie wapi. Kila siku nasikia mtu anasema anataka kutengeneza tamthilia ya kutisha, ukimuuliza itakuwaje anakwambia kutakuwa na mtu kavaa shuka jeupe, kajipaka unga usoni, anatokea dirishani saa nane za usiku. Sawa, ila hiyo ni dakika moja tu, sasa wewe una sehemu kumi za nusu saa nusu saa, hizo dakika zingine unaweka nini?

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni kabisa ili ukisoma ujue naelekea wapi: nyumba yenye mizimu inapendwa kwenye tivii kwa sababu ya DENI. Kuna kitu nyumba inadai, kuna watu wanaishi humo ndani bila kulipa, na mtazamaji anataka kujua nani atalipa na atalipa nini. Kushtuka ni sekunde mbili imeisha, deni ndo linamrudisha mtu kesho yake. Ukiandika mzimu kabla hujaandika deni umeshapoteza.

HATUA YA 1: Jua mtazamaji wako amekaa wapi

Muvi ya sinema mtu anaifuata, anaingia ukumbini, ikiisha anaondoka anaiacha huko huko. Tamthilia ni tofauti, yenyewe inamfuata mtu kwake. Amekaa sebuleni saa tatu usiku, nyuma yake kuna korido ya kwenda vyumbani, taa ya korido imezimwa ili kubana umeme, na kwenye skrini anamuona mtu naye kakaa sebuleni na nyuma yake kuna korido imezimwa taa. Hapo hujaonyesha chochote na mtu ameshaanza kugeuka nyuma. Hii faida muvi haina, wewe unayo bure, kwahiyo itumie: weka sini nyingi kwenye sehemu ambazo kila nyumba inazo, yani sebule, jiko, korido, choo cha uani. Hasa choo cha uani. Mtu wa mitaa yetu ya Mtwara kama Chikongola au Mitengo hahitaji kuelezewa maana ya kutoka nje usiku kwenda uani peke yake na tochi ya simu ina asilimia nne.

Waingereza walilielewa hili mapema. Tarehe 31 Oktoba 1992 BBC walirusha kipindi kinaitwa Ghostwatch, kilikuwa kimerekodiwa kabla lakini kimepangwa kama vile ni laivu, watangazaji ni wale wale watu waliowazoea, kamera ziko ndani ya nyumba ya kawaida kabisa ya mama na wanae wawili London. Hakuna kasri, hakuna makaburi. Watu waliamini, simu za malalamiko zikamiminika, na BBC hawajakirudia tena mpaka leo. Sikwambii udanganye watu kwamba ni kweli, hapana, hiyo ina madhara yake na wao waliyaona. Nakwambia angalia kilichowatisha watu: nyumba inayofanana na yao.

HATUA YA 2: Tafuta nyumba kabla hujaandika hata mstari mmoja

Wengi wanaandika skripti halafu ndo wanatafuta lokesheni, wanajikuta wameandika ngazi na nyumba haina ngazi. Anza na nyumba.

Mikindani iko kilomita kama kumi hivi kutoka Mtwara mjini, una nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, milango ya nakshi, ghorofa zenye roshani za mbao zinazoangalia ghuba, na mibuyu imesimama pale utadhani imewekwa kwa ajili ya kamera. Nyingine zimebaki kuta tu na miti imeota ndani. Lile Boma la Mjerumani la 1895 lilishakarabatiwa na ni hoteli, kwahiyo ukitaka gofu usihangaike nalo, ila kwa sini ya mgeni anayefika mjini linafaa sana. Lindi mjini unapata majumba yale ya kizamani ya wafanyabiashara, duka chini makazi juu, ngazi ya mbao ndani, dirisha za mbao. Kama huna uwezo wa kufika huko, nyumba ya matofali na bati ya kawaida inatosha kabisa, nitakwambia kwanini tukifika kwenye sauti.

Ukishaipata nyumba kaa nayo. Nenda asubuhi, nenda magharibi, nenda usiku. Kila ukienda andika nini kinalia na kinalia wapi. Halafu chora ramani, chukua daftari uchore kila mlango, kila dirisha, mlango upi unafungukia ndani upi nje, ukisimama jikoni unaona nini, ukilala chumba cha nyuma unasikia nini. Ramani hii ndo silaha yako kubwa, kwa sababu mtazamaji asipoijua nyumba hawezi kuogopa. Akishajua kwamba kutoka chumba cha bibi mpaka jikoni lazma upite mbele ya ule mlango uliofungwa na komeo, basi kila mtu akitumwa jikoni yeye roho inamdunda. Kwahiyo sehemu ya kwanza itembeze kamera nyumba nzima kwa kisingizio chochote, mgeni anaonyeshwa vyumba, mtoto anakimbizwa akaoge, vyovyote. Na ile korido ipige kila siku kutoka pale pale, pembe ile ile, urefu ule ule, ili siku ukibadilisha kitu kimoja kidogo mtu ahisi bila kujua amehisi nini.

Vibali usivipuuze. Kuna kibali cha kushuti cha Bodi ya Filamu na kazi inapitiwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa, kuna mwenye nyumba (na huku nyumba za zamani mara nyingi wenyewe ni ukoo mzima, ukipewa ruhusa na mmoja wengine tisa watakuja na kamera imeshawashwa), kuna serikali ya mtaa, na ukienda kwenye magofu ya mambo ya kale kama Kilwa Kisiwani, ambayo ni urithi wa dunia tangu 1981, huko kuna utaratibu wake tofauti kabisa. Usigonge msumari kwenye ukuta wa matumbawe, usipake rangi, usichokonoe chokaa. Zile kuta zikianguka hazijengwi tena.

HATUA YA 3: Andika deni la nyumba

Hapa ndo kazi ilipo, tutulie kidogo.

Hadithi hii ina umri mkubwa. Mrumi mmoja, Pliny Mdogo, aliandika kwenye barua karibu miaka 1,900 iliyopita kuhusu nyumba moja Athens iliyokuwa inasikika minyororo usiku. Wapangaji wakakimbia, bei ikashuka. Akaja mwanafalsafa Athenodorus, akaona bei mbona rahisi hivi, akauliza, akaambiwa ukweli, akapanga hivyo hivyo. Usiku kakaa anaandika, mzee mwenye ndevu na minyororo akamtokea, akamwashiria amfuate, wakafika uani mzee akapotea. Kesho wakachimba pale wakakuta mifupa imefungwa minyororo. Wakaizika kwa heshima, nyumba ikatulia. Angalia hapo: nyumba rahisi, sauti, mgeni mbishi, siri chini ya ardhi, malipo, utulivu. Mpaka leo tamthilia kibao zinatembea kwenye njia hiyo hiyo, na yule mzee hakuwa na nia ya kumuua mtu yeyote, alikuwa anadai kuzikwa.

Sasa huku kwetu madeni ya nyumba tunayo ya kweli na mazito kuliko ya Athens. Nakupa matatu, chagua moja, usichanganye.

La kwanza, nani alijenga. Mikindani ilikuwa bandari ya pembe, mpira na watumwa. Yule mmisionari Livingstone alipita hapo 1866 akianza ile safari yake ya mwisho, na biashara ya watumwa ilikuwa moja ya vitu alivyokuwa anavipigia kelele. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika 1922. Piga hesabu: bibi wa mtu mwenye miaka 70 leo anaweza kuwa alizaliwa wakati bado kuna bwana na mtumwa ndani ya nyumba moja. Hiyo sio historia ya mbali, na bado kuna familia ambazo hilo jambo haliongelewi mezani. Sini ya namna hii haina mzimu hata mmoja na inatisha:

"Mjomba, hii nyumba nani kaijenga?"
"Babu yenu."
"Kwa mikono yake?"
Mjomba ananyanyua kikombe chake cha chai, anaenda kumalizia nje.

La pili, nani aliondoka. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadae 1990 yakaingia Shirika la Nyumba. Majumba mengi ya mijini yalikuwa ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Hebu mfikirie mtu kafungasha, kaacha kabati lake, kaacha picha ukutani, kaondoka. Wapangaji wameingia, miaka hamsini imepita, wajukuu wanaishi humo, na kila ikifika saa fulani duka la chini linasikika likifunguliwa makufuli. Hili deni ni gumu zuri kwa sababu kila upande una haki yake, waliotwaa walikuwa na sababu zao, walioondoka wana uchungu wao. Usimfanye yeyote kuwa shetani.

La tatu, nani alirithi, na hili ndo nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji zama za kale wala mavazi ya kukodi. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa mila ukoo unahesabiwa upande wa mama, mjomba ndo mwenye sauti, na mpwa ana nafasi yake kwa mjomba. Wakati huo huo wengi wetu ni Waislamu na mirathi ya dini inawapa watoto wa marehemu. Baba kafa, kaacha nyumba moja. Watoto wake wamo ndani. Wapwa zake nao wanasema mjomba alituahidi. Shehe anasema hivi, wazee wa ukoo wanasema vile, na kila kikao kikikaa pale barazani usiku wake chumba cha marehemu kinasikika mtu anakohoa kile kikohozi chake. Mtazamaji wa Newala, wa Masasi, wa Nachingwea, hilo kalishuhudia kwa macho yake, sio mzimu, kile kikao. Ukishamshika kwenye kikao, mzimu atauamini wenyewe.

Ukimaliza liandike deni kwa sentensi moja: nani anadai, anadai nini, nani anakaa juu ya hilo deni. Ikizidi sentensi moja bado hujalijua.

HATUA YA 4: Jibu swali la "si wahame tu?"

Kila mtazamaji atauliza, tena kwa sauti, na mwenzie wa pembeni atamjibu "watu wa kwenye muvi bwana". Hapo umempoteza. Jibu lazma liwe la kweli na liwe limeonyeshwa kabla swali halijaulizwa. Hawahami kwa sababu anayehama kapoteza haki ya mirathi. Hawahami kwa sababu kodi wameshalipa ya miezi sita. Hawahami kwa sababu bibi kasema ataondoka humo akiwa kwenye jeneza na hakuna wa kumuacha bibi peke yake. Au korosho, wamekopea pembejeo kwa dhamana ya nyumba na mnada bado. Kadri sababu inavyokuwa ya kawaida ndivyo inavyobana zaidi, maana mtazamaji naye anaishi pale anapoishi kwa sababu kama hizo hizo.

HATUA YA 5: Weka sheria za huyo mgeni asiyeonekana (mzimu au jini), halafu usizivunje hovyo

Watu wetu wanajua mambo haya kuliko mwandishi, usiwachanganyie. Mzimu wa ukoo ni mtu wenu, anadai kukumbukwa, mambo yake ni tambiko na wazee. Jini ana maisha yake, ana dini yake, anaweza kuwa alikuwa pale kabla nyumba haijajengwa, huyo mambo yake ni shehe, kisomo, kombe, ubani. Msukule watu wanaamini ni mtu ambaye hajafa, kachukuliwa, na nyumbani kumezikwa mgomba. Sasa ukianza na kikohozi cha marehemu sehemu ya kwanza halafu sehemu ya nne akatokea mwanamke mwenye kwato, mtazamaji wa pwani ataona hujui unachofanya, na atakuwa sahihi.

Andika kwenye karatasi: anaweza kufika wapi (nyumba nzima au mwisho kizingitini?), saa ngapi, nani anamuona na kwanini huyo, anaweza kugusa vitu au hawezi, nini kinamtuliza. Halafu mtazamaji umuonyeshe hizo sheria polepole kwa matukio, usimuweke mganga akae dakika kumi anaelezea. Ukishasema hapiti kizingiti, basi siku ya sehemu ya tisa ukionyesha nyayo za mchanga upande wa pili wa kizingiti huhitaji muziki wowote.

Bahari inaweza kuwa sheria nzuri sana na sioni watu wanaitumia. Bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda kweli kweli mpaka kwenye misingi ya nyumba za chini. Mfunge mgeni wako na bamvua. Mtazamaji akiona tu mvuvi anasogeza mtumbwi juu zaidi, anajua leo usiku kuna kitu.

HATUA YA 6: Gawa sehemu zako

Tuseme una sehemu kumi. Tatu za mwanzo matukio yote yawe na maelezo ya kawaida: upepo, paka, bati, mtoto muongo. Tatu zinazofuata maelezo yanaisha moja moja, na wakati huo huo ugomvi wa familia unapanda. Ya saba ndo siri inaanza kutoka, ya nane mtu anajaribu kulipa deni vibaya (mganga wa uongo, pesa, kisomo cha haraka haraka bila kusema ukweli) na mambo yanaharibika zaidi. Mbili za mwisho tutazirudia chini. Kila sehemu ifunge kwa swali kuhusu watu, sio kwa mlio tu, yani isiishie "nini kile dirishani" bali iishie "kumbe mama alikuwa anajua".

Sasa nikuonyeshe sini moja kwa karibu, uone ninachomaanisha nikisema tisha kwa vitu vya nyumbani. Magharibi, umeme umekatika. Mama kaweka sinia kwenye mkeka, ugali wa muhogo na pweza wa nazi, chemli iko pembeni. Watu watano wamezunguka: mama, mjomba, kaka mkubwa, Somoe, na mdogo wao wa miaka sita. Kamera iko juu, inaangalia sinia moja kwa moja, huoni sura, unaona mikono tu inaingia na kutoka. Wanaongea bei ya mnada wa korosho, mjomba analalamika makato, kaka anamkatiza. Mikono ya kulia inaingia, inamega, inachovya, inatoka. Ni sita. Usikate shoti, usiweke mlio, wala mtu yeyote asishtuke. Waache waendelee kuongea makato. Kitu kimoja tu: yule mdogo anajisogeza kidogo kushoto, kama unavyompisha mtu akae vizuri, na anaendelea kula. Shoti ibaki pale sekunde ishirini nzima. Nusu ya watazamaji hawatauona mkono, watakaouona watapiga kelele, wale wengine watarudisha nyuma kuangalia, na kesho mtaani ndo stori.

Tamthilia ya Marekani ya 2018, The Haunting of Hill House, ilipendwa kwa jambo la aina hiyo: walificha watu kwenye kona na nyuma ya ngazi bila mhusika yeyote kuwataja, watazamaji wakawa wanawatafuta wenyewe. Mtu anayetafuta haondoki mbele ya skrini. Ila usifiche kila dakika. Ficha mara chache, na kila ulichokificha kiwe na maana siku siri ikitoka, mkono wa sita uwe ni wa mtu tunayekuja kumjua jina.

HATUA YA 7: Sauti, sauti, sauti

Kama una hela ya kitu kimoja tu nunua maiki. Picha mbaya kidogo mtu anavumilia, sauti mbaya anazima.

Nilisema nyumba ya bati inatosha, sababu ni hii: bati linapata moto mchana kutwa, jua likizama linapoa na kujikunja, linalia ta! ta! ta! kama mtu anatembea juu. Kila mtu aliyekulia chini ya bati anaijua ile sauti na kila mtu aliwahi kuwa mtoto akaambiwa ni bati tu, lala. Irekodi kuanzia jua linapozama, uitumie sehemu ya kwanza kama bati kweli. Sehemu ya tano uitumie tena saa kumi usiku wakati bati limeshapoa zamani. Mchanga kurushwa kwenye bati nao ni ishara ya zamani watu wanaijua, tumia mara moja tu, ukizidisha inakuwa mchezo wa watoto. Zingine: kuti linalokwaruza ukuta, pete ya chuma ya mlango wa nakshi, popo darini, bundi. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, madirisha ya mbao ya upande wa bahari yanajigonga yenyewe, utapata sauti nzuri ila vaa maiki yako sponji la sivyo utarekodi upepo tu.

Kila chumba ukishuti rekodi dakika moja ya kimya chake, watu wote wamesimama hawapumui kwa nguvu. Kimya cha ukuta wa matumbawe sio sawa na kimya cha tofali la saruji, na utakihitaji wakati wa kuediti, kwa sababu kitu kinachotisha kuliko mlio ni kile kimya cha chumba kukatika ghafla.

Kuna watu watakwambia weka besi nzito. Alikuwepo mhandisi Muingereza, Vic Tandy, ambaye 1998 alieleza kwamba feni kwenye maabara yao Coventry ilikuwa inatoa mtetemo wa karibu 19 Hz (yani mara 19 kwa sekunde) ambao sikio halisikii, na akaona ndo chanzo cha yeye kuhisi baridi, hofu, na kuona kama kuna kitu pembeni ya jicho. Ni habari nzuri na inafaa hata kuingia kwenye hadithi (kijana msomi wa familia anayetafuta maelezo), lakini usiitegemee kama ufundi, maana mtazamaji wako anaangalia kwa simu au tivii ya nchi 32, na spika zake besi hiyo hazitoi kabisa. Tisha kwa sauti za kati: kikohozi, kucha, kijiko kwenye kikombe, mtu anayeita jina.

HATUA YA 8: Mwanga na kamera

Umeme wetu ni 50 Hz, kwahiyo seti simu yako fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50, vinginevyo taa za bei rahisi zitapepesa kwenye video. Usiruhusu simu ipandishe mwanga yenyewe gizani, picha inajaa chengachenga. Funga mipangilio kwa mkono.

Giza la kweli halionekani kwenye kamera, giza la kwenye tivii linatengenezwa. Taa moja tu ionekane kwenye fremu, chemli, koroboi au simu, na uisaidie kwa taa ndogo iliyofichwa na kufunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Sini za nje za usiku zishuti magharibi baada ya jua kuzama, una kama dakika ishirini tu huku kwetu kabla giza halijashika, kwahiyo mazoezi yafanyike mchana na kila mtu ajue anasimama wapi. Kwa Mtwara jua linazama mapema zaidi katikati ya mwaka, saa kumi na mbili na dakika chache, na Desemba linachelewa kama nusu saa hivi.

Kamera isikimbie. Simama, subiri, acha mlango uwe wazi nyuma ya mtu anayeongea na usionyeshe chochote mlangoni.

HATUA YA 9: Mambo ambayo nakuomba usiyafanye

Hapa naongea kwa uchungu. Usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa hadithi yako. Yale macho ni moshi wa kuni wa miaka na miaka akitupikia sisi, na nchi hii wazee wameuawa kwa dhana hiyo. Usimtumie mtu mwenye ualbino kama kitu cha kutisha wala cha bahati, hata kwa sekunde, tunajua kilichowapata ndugu zetu. Mambo ya ndani ya jando na unyago yaache ndani, na vinyago vya midimu (vile vya ngoma za Kimakonde) usivivalishe mtu hovyo avitumie kutisha, waulize wazee kwanza nini kinaonyeshwa hadharani na nini hapana. Kisomo kikisomwa kisomwe na anayejua kusoma, aya ikikosewa kwenye tivii utawakwaza watu na watakuwa na haki. Na nyumba ambayo mtaani inasemwa vibaya, usitaje mtaa wake wala usipige geti lake, kuna watu wanaishi humo, na kumsingizia mtu uchawi ni kosa kisheria tangu Sheria ya Uchawi ya 1928.

HATUA YA 10: Lipa deni

Sehemu ya tisa ukweli unasemwa kwa sauti, mbele ya familia yote, na mtu aliyeuficha. Sio mganga, sio sauti kutoka ukutani. Mtu. Sehemu ya kumi malipo, na malipo yaume: aliyekuwa anaipigania nyumba anaiachia, jina lililofutwa linasomwa kwenye hitma pamoja na majina mengine, mifupa inatolewa chini ya jiko inapelekwa makaburini mchana watu wanaona. Usimalizie kwa kuchoma moto nyumba, ni rahisi na inafuta kila kitu ulichojenga. Na usimalizie kwamba ilikuwa ndoto, mtu amekupa siku kumi za maisha yake.

HATUA YA 11: Jaribu kabla hujapeleka popote

Chukua sehemu ya kwanza na ya pili, nenda nazo kwenye nyumba ya watu ambao sio marafiki zako, baada ya isha, waangalie familia nzima na bibi awepo. Wewe usiangalie skrini, kaa pembeni uwaangalie wao. Andika dakika ambayo mtu kashika simu, dakika ambayo mtoto kahama kwenda kwa mama yake, na dakika ambayo wameanza kubishana wenyewe kuhusu wahusika, hasa hiyo ya mwisho, maana wakibishana kama mjomba ana haki au hana basi deni limewaingia. Pale waliposhika simu kata bila huruma hata kama ndo shoti yako unayoipenda. Halafu muulize bibi swali moja, huyo aliyemo humo ndani anataka nini, na asipoweza kujibu kwa sehemu mbili hizo rudi hatua ya tatu kabla hujashuti sehemu ya tatu.